Rashidi Kawawa alipokuwa mwigizaji wa sinema

Ukipita Kyela mjini jioni utakuta vibanda umiza vimejaa vijana. Waulize ni nani mwigizaji wa kwanza maarufu wa filamu nchini, wengi watamtaja Kanumba, aliyefariki mwaka 2012. Marehemu Kanumba anastahili heshima yake. Lakini zaidi ya miaka 30 kabla hajazaliwa, kijana mwingine alikuwa ameshakuwa nyota wa filamu ya Kiswahili. Jina lake tunaliona kwenye vibao vya barabara na vitabu vya siasa: Rashidi Mfaume Kawawa.

Kwa sisi wa huku kaskazini mwa ziwa, Kawawa ni mtu wa ng'ambo ya milima. Panda meli Itungi, shuka Mbamba Bay, kisha endelea mpaka Songea na kusonga mbele hadi Namtumbo. Huko ndiko alikozaliwa mwaka 1926, kifungua mimba wa nyumba ya watoto wanane. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni upande wa wanyamapori. Rashidi alisoma hadi Tabora, shule iliyolea viongozi wengi wa nchi hii. Alitamani kwenda Makerere, lakini alianza kazi ya ukarani ili wadogo zake wapate ada. Wasomaji wengi mliozaliwa wa kwanza mnaijua hesabu hiyo.

Kutoka ukarani aliingia idara iliyoshughulikia maendeleo ya jamii, na humo ndimo alimokutana na kamera.

Hapa turudi nyuma kidogo. Waingereza walikwisha kugundua kwamba sinema inamfikia hata asiyejua kusoma. Kati ya mwaka 1935 na 1937, pale Vugiri katika milima ya Usambara, walitengeneza filamu 35 kwa ajili ya Waafrika: kilimo, afya, kodi, kuweka akiba posta. Walizizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini, na Nyasaland, jirani zetu wa ng'ambo ya Songwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ilijaribu tena, safari hii kwa hadithi ndefu za Kiswahili zilizopigwa kwa msaada wa kampuni ya Afrika Kusini. Kawawa alipewa nafasi kubwa. Aliigiza katika Muhogo Mchungu, kisa cha mtu wa shamba anayefika Dar es Salaam na kukutana na ujanja wa mji, na pia katika Chalo Amerudi.

Sura yake ikajulikana hata kwa watu ambao hawakuwahi kumwona. Lakini tujiulize: alikuwa akisema maneno ya nani? Katika historia ya falsafa tunasoma kwamba Plato hakuwaamini waigizaji, na Mtakatifu Augustino alijishangaa alivyokuwa akilia ukumbini Carthago kwa huzuni za kubuni. Mashaka yao yalihusu hisia. Kwa Kawawa swali ni zito zaidi, kwa sababu filamu hizo zilikuwa sauti ya serikali ya kigeni ikizungumza kwa kinywa cha Mwafrika. Mtawala hakupenda vijana wa vijijini wajazane mjini.

Mimi simhukumu. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, mwajiriwa, mwenye wadogo wa kusomesha. Mwaka 1953 idara hiyohiyo ilimpeleka kufanya kazi na Wakikuyu waliokuwa kizuizini Tanganyika wakati wa Mau Mau. Fikiria kazi hiyo kwa kijana mwenye macho. Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Aliongoza chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na mwaka 1955 akawa Katibu Mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi. Mwaka uliofuata aliacha kazi serikalini, kwa kuwa mtumishi wa serikali hakuruhusiwa kuwa mwanachama wa TANU. Kijana aliyeigiza mshamba aliyeshindwa na mji sasa alikuwa msemaji wa makuli na makarani wa mji huohuo, na alisimama mbele ya umati bila woga. Naamini kamera ilimsaidia katika hilo.

Januari 1962 Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akaimarishe chama, na Kawawa, akiwa na miaka 35, akashika nafasi hiyo hadi Desemba. Mwaka huohuo serikali yake ilipitisha sheria iliyofanya mgomo halali uwe karibu haiwezekani. Aliwabana wenzake wa jana. Alirudi kuwa Waziri Mkuu mwaka 1972 hadi 1977, kipindi cha Operesheni Vijiji, mkulima alipoambiwa tena mahali pa kukaa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na wakulima wa nchi nzima walipoteza chombo walichokuwa wakiuzia mazao yao. Safari hii maneno hayakuandikwa na mkoloni. Wapo wanaosema alikuwa tu mtekelezaji mwaminifu wa mawazo ya Mwalimu. Wanaosema hivyo hudhani wanamsifu. Mimi naona wanamrudisha kwenye Muhogo Mchungu.

Alifariki Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2009, akiwa na miaka 83, akazikwa Madale. Taifa lilimzika Simba wa Vita.