Karen Blixen na Hesabu za Shamba la Ngong

Kila niwapelekapo wanafunzi katika makumbusho ya Karen, jijini Nairobi, macho yao huvutiwa na samani. Mimi hupenda tuzungumzie hesabu za shamba lililoizunguka nyumba ile.

Karen Dinesen alizaliwa Rungsted, Denmark, mwaka wa 1885. Januari 1914 aliwasili Mombasa, akaolewa na Bror Blixen, baroni kutoka Uswidi. Mtaji ulitoka kwa jamaa za bibi huyu, nao mwaka wa 1916 wakaunda kampuni ya kahawa, mjomba wake Aage Westenholz akiwa mwenyekiti.

Shamba lilikuwa na ekari 6,000 hivi, na kahawa ikachukua takriban 600. Mahali penyewe palikuwa juu mno, zaidi ya futi 6,000, na mvua haikutosha. Mwaka wa 1921 Bror aliondolewa usimamizini, mkewe akashika hatamu. Mwaka wa 1923 kiwanda kiliteketea. Jamaa walizidi kutuma fedha, nalo shamba likazidi kuzimeza.

Lakini kulikuwa na ekari 1,000 nyingine ambazo wasomaji wengi wa kitabu chake cha 1937 huzipita upesi. Huko waliishi Wakikuyu walioitwa maskwota, baadhi yao wakiwa wamezaliwa papo hapo kabla ya mzungu kufika. Sheria ya 1915 iliwafanya wapangaji tu wa dola ya Uingereza. Ile ya 1918 iliwalazimu kumfanyia mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, ndipo waruhusiwe kulima na kulisha mifugo. Nani aliziingiza siku hizo katika hesabu ya mtaji?

Mwaka wa 1931 kampuni iliuza shamba, na maskwota wakatakiwa kuhama. Nakiri kwamba Bi. Blixen hakunyamaza. Alizunguka ofisi za serikali hadi kwa gavana, akiomba watu hao wasitawanywe, mpaka wakatengewa sehemu ya msitu wa Dagoretti. Kisha akarejea Rungsted, alikofariki mwaka wa 1962.

Wako walimu wanaolifundisha tendo hilo kama fadhila tupu. Siafikiani nao. Wenye hisa walipoteza fedha walizozileta kwa hiari yao. Maskwota walipoteza makao waliyokuwa nayo kabla kampuni haijakuwapo, na hawakuwa na hisa hata moja.