Jatin Das: Siku 63 Bila Chakula

Mimi nikikosa githeri ya saa saba, masomo ya jioni hayaniingii. Jatindra Nath Das, mzaliwa wa Calcutta, Bara Hindi, mwaka wa 1904, alikaa siku 63!

Waingereza walimkamata Juni 1929, wakamtia jela ya Lahore. Humo wafungwa wa Kizungu walitunzwa vyema, Wahindi wakavishwa matambara machafu. Tarehe 13 Julai akajiunga na Bhagat Singh kugoma kula. Basi wakamshika kwa nguvu, wakampitisha mpira puani ili wammiminie maziwa. Jamani, mapafu yakaharibika. Hata hivyo alikataa katakata. Alikufa tarehe 13 Septemba, miaka 24 tu.

Gari la moshi lilipofikisha jeneza Calcutta, barabarani hapakuwa na pa kukanyaga.