Tom Mboya hakungoja kesho ifike

Kabla ya barabara ya katikati ya Nairobi kuitwa kwa jina lake, Tom Mboya alikuwa kijana aliyekosa karo. Alizaliwa 1930 kwenye shamba la mkonge karibu na Thika, ambako babake alikuwa mfanyakazi. Alisoma hadi Mang'u, lakini pesa zikaisha kabla hajamaliza.

Basi akashika kilichokuwapo. Alisomea ukaguzi wa afya, na 1951 akaajiriwa na baraza la jiji. Si kazi ya kuringia watu mtaani, lakini humo ndani aliona Mwafrika akilipwa kidogo kuliko Mzungu kwa kazi ile ile. Hakusema ataangalia hayo mambo akishakuwa mkubwa. Aliingia chama cha wafanyakazi, na kufikia 1953, akiwa na miaka 23 tu, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho lao la kitaifa.

Na mambo yalikuwa moto. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa, Kenyatta yuko ndani, vyama vya siasa vya Waafrika vimepigwa marufuku. Hakuna aliyejua kesho itakuwaje. Mboya alipambana na ya leo: mishahara, nyumba, watu kufukuzwa mjini. Makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma 1955, alishuka huko kuwatetea, wakapata nyongeza.

Mwaka wa 1957 alichaguliwa kuingia bunge la wakoloni kuwakilisha Nairobi. Hapo ndipo akaanza kupanga ya mbele. Tarehe ya uhuru haikuwa imejulikana, lakini aliona kwamba siku ikifika, ofisi zitataka watu waliosoma, na nchi haina chuo kikuu chake. Akazunguka Marekani akiomba nafasi za masomo na nauli. Septemba 1959 ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata pesa zilikosekana, akamwendea John F. Kennedy, na wakfu wa familia hiyo ukatoa. Kwenye kundi la 1960 kulikuwa na msichana wa Nyeri, Wangari Maathai.

Uhuru ulipokuja 1963, Mboya akawa waziri, na baadaye akapewa wizara ya mipango ya uchumi. Jumamosi ya Julai 5, 1969, alipigwa risasi akitoka duka la dawa katikati ya jiji. Alikuwa na miaka 38.

Angekuwa amejipangia yeye peke yake, mpango ungeisha pale pale kwenye lami. Lakini miaka 35 baadaye, Wangari alishinda tuzo ya Nobel ya amani.

Kwa hivyo kama huna karo na huoni mbele vizuri, fanya kazi iliyo mkononi, ukiangalia ni nani mwingine unaweza kumfungulia njia. Hata Mboya hakuwa na ramani ya kesho. Alikuwa na leo, na akaitumia yote.