Dakta Leakey, Msomaji wa Meno

Mnunuzi wa farasi aliye na busara hategemei maneno ya mwuzaji. Humshika mnyama, akamfumbua midomo, akatazama meno ya mbele. Farasi akipata miaka 2 na nusu, meno mawili ya utotoni yaliyo katikati, juu na chini, hung'oka, na meno makubwa huota mahali pake. Mwaka wa pili yake hufuata meno ya kando, na mwaka wa tatu hufuata yale ya mwisho. Hata akitimiza miaka 5 kinywa chake kimejaa. Tangu hapo mnunuzi hutazama vishimo vidogo vilivyo juu ya meno ya chini. Kwa kuwa meno husagika kwa kutafuna, vishimo hivyo hufutika jozi baada ya jozi, na farasi wa miaka 8 huwa karibu vyote vimekwisha. Ulimi wa mwuzaji hudanganya upesi. Meno hayadanganyi upesi.

Elimu hiyo hutumiwa pia kwa mbuzi na ng'ombe, na hata kwa binadamu. Mtu atokaye soko la Kariakoo, akavuka Mnazi Mmoja na kushika njia ya kwenda bandarini, aweza kufika kwa miguu Mtaa wa Shaaban Robert, ilipo Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 1940. Ndani yake limehifadhiwa fuvu la kichwa la kiumbe wa kale sana, afananaye na mtu, ambaye umri wake ulisomwa katika meno yake. Aliyeyasoma ni Louis Leakey, na hizi ndizo habari zake.

Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti, 1903, huko Kabete, karibu na Nairobi, ambako baba yake Mwingereza alikuwa mmisionari. Alikua pamoja na watoto wa Kikuyu, akajua lugha yao kama yake mwenyewe, akatiwa jando pamoja na rika lake. Angali kijana aliokota vipande vya jiwe jeusi ling'aalo kama kioo, akatambua kwamba vilichongwa na mikono ya watu wa zamani. Watu wengine walivipita bila kuviangalia, yeye aliviweka. Tangu siku hiyo alitaka kujua habari za watu wa kwanza wa Afrika.

Alipokuwa akisoma katika chuo kikuu cha Cambridge, aliumia kichwa katika mchezo wa mpira, akaamriwa kupumzisha masomo. Hakukaa bure. Mwaka 1924 alikwenda Tendaguru, katika nchi ya Lindi, kusaidia kazi ya kuchimba mifupa ya mijusi mikubwa ya kale. Huko alijifunza namna ya kuutoa mfupa ardhini pasipo kuuvunja. Kisha alirudi Cambridge akamaliza masomo yake.

Mwaka 1931 alifika Olduvai, bonde refu katika tambarare za kaskazini ya Tanganyika, pamoja na Mjerumani Hans Reck, aliyekuwa amechimba huko mwaka 1913. Reck hakuwa ameona zana za mawe mahali hapo, lakini Leakey alizipata mara. Ilipatikana na mifupa mingi ya wanyama waliokwisha toweka duniani, na miongoni mwao farasi wa kale mwenye vidole vitatu katika kila mguu. Lakini mtu mwenyewe aliyezichonga zana hizo hakuonekana.

Leakey alikuwa mwepesi wa kusema, na wepesi huo ulimtia aibu. Mwaka 1932 alipata mifupa ya watu karibu na Ziwa Viktoria, akatangaza kwamba ni ya kale mno. Mwaka 1935 mtaalamu mmoja wa mawe alitoka Uingereza ili apaone mahali ilipotoka. Leakey hakuweza kumwonyesha hasa, maana alama alizoziweka zilikuwa zimeondolewa. Mtaalamu huyo aliyaandika mambo hayo wazi, na wataalamu wengi wakaacha kumsadiki Leakey. Basi ilimbidi kuanza tena, na neno lake lilikuwa halina thamani kubwa.

Mwaka 1936 alimwoa Mary, mwanamke mwenye macho makali na subira nyingi katika kuchimba. Miaka ikapita, na fedha zao zilikuwa chache, lakini hawakuiacha Olduvai. Asubuhi ya tarehe 17 Julai, 1959, Leakey alikuwa mgonjwa kitandani. Mary akatoka peke yake na mbwa zake. Katika mteremko aliona kipande cha mfupa kimejitokeza katika udongo. Akaupangusa udongo kwa taratibu, na tazama, meno mawili makubwa yako katika taya. Alirudi kambini mbio kumwita mumewe, naye Leakey akasahau ugonjwa wake, akaondoka.

Fuvu lilikuwa limevunjika vipande karibu 400. Walichekecha udongo, wakaviunga vipande kimoja kimoja. Leakey akampa kiumbe huyo jina la Zinjanthropus, kwa kulitumia neno Zinj, ambalo Waarabu wa kale waliiitia nchi ya Afrika Mashariki.

Ndipo akatazama meno. Magego yalikuwa mapana ajabu, na meno ya mbele madogo. Basi kiumbe huyo alikuwa mtafunaji mkubwa. Magego ya mwisho yalikuwa yamekwisha ota, lakini yalikuwa hayajasagika. Kwa binadamu magego hayo huota ujana unapokamilika. Basi Leakey alisema kwamba aliyekufa hakuwa mzee, bali kijana wa kadiri ya miaka 18. Wataalamu waliomfuata, kwa kuhesabu mistari myembamba iliyo katika ganda gumu la meno, waliona kwamba viumbe wa namna ile walikua upesi kuliko sisi. Kwa hiyo miaka yake yaelekea ilikuwa pungufu. Hata hivyo alikufa kijana. Lakini meno hayakuweza kusema ni zamani gani alipokufa. Neno hilo lilijulikana mwaka 1961, yalipopimwa majivu ya volkano yaliyolala mahali pale, ikaonekana ni miaka kama 1,750,000.

Leakey alidhani kwamba Zinjanthropus ndiye aliyezichonga zana za Olduvai. Kumbe mwaka 1960 mwanawe Jonathan alipata huko taya la mtoto. Gego la pili lilikuwa limeota, na la tatu bado. Kwa hesabu ya binadamu, huyo alikuwa mtoto wa miaka 11 au 12, kadiri ya umri wa wanafunzi wengi wa madarasa ya juu ya shule za msingi. Meno yake yalikuwa membamba kuliko ya Zinjanthropus, na ubongo wa watu wa kabila lake ulikuwa mkubwa zaidi. Leakey angeweza kulishikilia neno lake la kwanza, maana lilikwisha mletea sifa duniani. Hakufanya hivyo. Mwaka 1964 yeye na wenzake wawili walitangaza kwamba wachonga mawe walikuwa watu wa namna ya mtoto yule, wakawapa jina la Homo habilis, yaani mtu mwenye ustadi.

Mwaka 1965 fuvu la Zinjanthropus lilipelekwa Dar es Salaam, likawekwa katika Makumbusho ya Taifa, liwe mali ya nchi lilikotoka. Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba, 1972, akazikwa Limuru, karibu na kaburi la wazazi wake.

Leakey alikosea mara kadha wa kadha. Lakini jino lilipomshuhudia kinyume, alilisadiki jino, akaliacha neno lake mwenyewe. Na hiyo ndiyo elimu.

Maswali

1. Kwa nini mnunuzi wa farasi hutazama vishimo vya meno?
2. Leakey alijuaje kwamba Zinjanthropus hakufa mzee?
3. Ni jambo gani ambalo meno hayakuweza kulisema, nalo lilijulikanaje?
4. Eleza jinsi aibu ya mwaka 1935 ilivyompata Leakey, na jinsi alivyofanya mwaka 1964.