Mwalimu Nyerere na bunduki ya ulinzi wa Taifa

Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere hakuwahi kuwa askari. Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, na mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, aliondoka kwao kwenda Musoma kuanza masomo katika Shule ya Mwisenge. Baada ya hapo zikafuata Tabora, Makerere na Edinburgh, kisha ualimu, kisha TANU. Hata hivyo, miongoni mwa maamuzi aliyoyafanya akiwa Amiri Jeshi Mkuu, machache yana uzito wa yale yaliyohusu bunduki: nani aishike, itoke wapi, na risasi zake zitapatikanaje siku ambayo rafiki wa jana amekataa kuuza.

Kabla ya Uhuru aliwahi kujiuliza iwapo nchi changa na maskini inahitaji jeshi hata kidogo. Desemba 1961 Tanganyika ililirithi jeshi hilo kama lilivyokuwa. Vikosi vya King's African Rifles vilibadilishwa jina vikawa Tanganyika Rifles, maofisa wake wengi wakabaki kuwa Waingereza. Silaha iliyozoeleka kwa askari wa KAR ilikuwa Lee-Enfield ya risasi za .303, bunduki imara na yenye shabaha, ambayo kila baada ya kufyatua humlazimu askari kuvuta komeo kwa mkono ili kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine.

Januari 20, 1964 askari wa Kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi wakidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Serikali haikuwa na kikosi kingine cha kuwazuia. Mwalimu alilazimika kuomba msaada wa Uingereza, na Januari 25 makomando wake wakashuka na kuwanyang'anya waasi silaha. Kwa kiongozi aliyepigania Uhuru bila kumwaga damu, kuomba askari wa mkoloni wa jana warudi kuilinda Serikali yake ilikuwa fedheha isiyofichika. Jeshi lile lilivunjwa. Kikosi kutoka Nigeria kilikuja kushika nafasi yake kwa miezi kadhaa, vijana wapya wakaandikishwa, wengi wao kutoka Umoja wa Vijana wa TANU, na Septemba 1, 1964 Jeshi la Wananchi wa Tanzania likazaliwa.

Jeshi jipya lilihitaji silaha mpya, na hapo ndipo swali la risasi lilipojitokeza kwa ukali. Majeshi ya Uingereza na Kanada wakati huo yalitumia bunduki ya SLR, yenye risasi ya milimita 7.62 na ganda la urefu wa milimita 51. China, iliyoleta wakufunzi wachache na silaha mwaka huo huo wa 1964, ilitumia risasi ambayo nayo huitwa 7.62, lakini ganda lake lina urefu wa milimita 39 tu. Namba ya mbele ni moja, risasi ni mbili. Ya huku haiingii kule. Anayechagua bunduki huwa amechagua pia ghala, kiwanda na bandari ambako risasi zitatoka kwa miaka mingi ijayo. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia. Wakufunzi wa Kanada waliendelea kuwapo hadi 1970, lakini kwa upande wa silaha mlango wa China ndio uliozidi kufunguka.

Bunduki iliyokuja kwa njia hiyo ndiyo ambayo askari na polisi wa Tanzania huiita SAR. Ilibuniwa na Mrusi Sergei Simonov, na China ilianza kuitengeneza mwaka 1956. Ni bunduki ya nusu otomatiki: kila kifyatulio kinapovutwa hutoka risasi moja, na gesi ya baruti husukuma pistoni inayorudisha komeo nyuma, ganda likaruka nje na risasi ya pili ikaingia yenyewe. Magazini yake haichomolewi na hubeba risasi 10. Singe yake hukunjwa chini ya mtutu. Uzito wake hauzidi kilo 4 kwa kiasi kikubwa, na risasi hutoka kwa mwendo wa takriban mita 735 kwa sekunde.

Uaminifu wake umetokana na mambo mawili. La kwanza ni umbo la ganda lenyewe, ambalo limechongoka kuelekea mbele, hivyo huchomoka kwa urahisi hata chemba ikiwa na vumbi au joto. La pili ni kwamba risasi hiyo hiyo hutumiwa na SMG, kama bunduki za aina ya Kalashnikov zinavyoitwa nchini, na pia na bunduki nyepesi ya rashasha ya kizazi chake. Sanduku moja la risasi linalofika mstari wa mbele huweza kulisha silaha tatu, jambo ambalo ofisa ugavi yeyote hulithamini kuliko shabaha ya mita mia za ziada.

Lakini SAR haisamehi uzembe. Risasi nyingi za Kichina za miaka hiyo zilikuwa na kiwashio kinachoacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi huvuta unyevu. Mafuta peke yake hayaiyeyushi. Sharti mtutu na njia ya gesi vioshwe kwa maji, vikaushwe, ndipo vipakwe mafuta. Katika hewa ya ziwa kama ya Musoma, bunduki iliyofutwa kwa mafuta tu huweza kuanza kushika kutu baada ya muda mfupi. Mitutu mingi ya Kichina ilipakwa kromu ndani kwa sababu hiyo, ila bomba la gesi hubaki bila kinga hiyo. Tena pini ya kufyatulia hukaa huru ndani ya komeo. Ikigandishwa na grisi au uchafu ikabaki mbele, risasi huweza kutoka komeo linapofunga, kidole kikiwa mbali na kifyatulio.

Oktoba 1967 Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa njia inayopita Bunda, kuunga mkono Azimio la Arusha. Kujitegemea kulikotangazwa kwenye Azimio hakukuishia kwenye jembe. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliagiza wananchi wafunzwe ulinzi, mgambo likaenea vijijini, na katika muongo huo, kwa msaada wa China, Shirika la Mzinga likaanzishwa Morogoro kwa ajili ya utengenezaji wa risasi.

Mtihani ulikuja mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera. Jeshi lenye askari wasiofika 40,000 lilikua ndani ya miezi michache hadi kuzidi 100,000, wengi wa walioongezeka wakiwa mgambo. Kwa mtu aliyetoka shambani na kupewa majuma machache ya mafunzo, SAR ilifaa: sehemu zake ni chache, na risasi moja kwa kila mvuto humzuia kumaliza akiba yake kwa hofu. Divisheni ya 20 iliongozwa na David Musuguri, naye mzaliwa wa Butiama, askari wa KAR tangu 1942 aliyezijua silaha za zama zote mbili. Kampala ilitwaliwa Aprili 11, 1979.

Ushindi huo ulikuwa na gharama ambayo uchumi uliibeba kwa miaka. Mkoani Mara kulikuwa na gharama nyingine, isiyosemwa sana kwenye maadhimisho. Baadhi ya silaha za vita zilibaki mikononi mwa watu isivyo halali, na wizi wa mifugo, hasa Tarime, ambao zamani ulikuwa wa pinde na mikuki, ukawa wa bunduki. Bunduki ile ile iliyosifiwa kwa kustahimili vumbi na matope ikastahimili pia kufukiwa shambani na kufukuliwa ikiwa nzima.

Mwalimu aling'atuka urais mwaka 1985 na kurejea Butiama kulima. Alifariki dunia London Oktoba 14, 1999, akazikwa kijijini kwake Oktoba 23 kwa heshima zote za kijeshi. Wilayani humo humo ipo kambi ya JKT ya Rwamkoma, jeshi alilolianzisha Julai 10, 1963, na SAR, iliyokwisha kuachia SMG kazi ya vitani, bado hushikwa na askari wa gwaride la heshima, singe ikiwa imekunjuliwa.