Malkia Eleni: binti wa Hadiya aliyeshika hatamu za Ethiopia

Mwambutsa IV alipotawazwa mwaka 1915 akiwa mtoto mdogo, mugabekazi Ririkumutima, mjane wa Mwezi Gisabo, alikuwa miongoni mwa walioiongoza Burundi kwa niaba yake. Karne nne kabla, Ethiopia ilikuwa imepitia hali kama hiyo, ila mwanamke aliyeisimamia alikuwa ametoka ugenini.

Eleni alizaliwa Hadiya, nchi ya Waislamu iliyowalipa kodi wafalme wa Kikristo wa Ethiopia. Baba yake, Mehmad, ndiye aliyekuwa mtawala wa nchi hiyo. Binti huyo aliozwa kwa Mfalme Zara Yaqob, aliyetawala kuanzia 1434 hadi 1468, naye akabatizwa. Hata hivyo, ukwe haukuzuia ugomvi. Mahiko, mwana wa Mehmad, alipokataa kulipa kodi, mfalme alimng'oa madarakani na kumtawaza Bamo, ami yake. Eleni alibaki upande wa mumewe, huku ukoo wake ukigawanyika.

Zara Yaqob alipofariki, mrithi wake Baeda Maryam, ambaye mama yake mzazi alikuwa amekwisha kufa, alimpa Eleni heshima ya mama wa mfalme. Eleni hakuzaa mrithi, lakini wafalme walipita naye akabaki, akitafutwa kwa ushauri.

Mwaka 1508 kiti kilimwangukia Lebna Dengel, kijana wa miaka 12 hivi, na Eleni akawa msimamizi wake. Alipendelea amani na biashara na majirani Waislamu, ambao aliwafahamu tangu utotoni. Pamoja na hayo, alihofia nguvu zilizokuwa zikikua katika Bahari ya Shamu. Akamtuma Mateus, Muarmenia, kwa Mfalme Manuel I wa Ureno, kuomba ushirikiano wa kivita. Katika barua yake alipendekeza pia ndoa baina ya nyumba hizo mbili za kifalme, njia ileile iliyomtoa yeye Hadiya.

Mateus alifika Lisbon mwaka 1514, baada ya kushukiwa na kuteswa njiani. Wajumbe wa Ureno walitua Massawa mwaka 1520. Kwa wakati huo Lebna Dengel alikuwa amekwisha kumshinda Amiri Mahfuz, na hakuona haja ya kuharakisha mapatano. Wageni hao walikaa Ethiopia miaka sita, na katika kipindi hicho Eleni alifariki akiwa mzee sana.

Mwaka 1529 Imam Ahmad ibn Ibrahim alilivunja jeshi la mfalme huko Shimbra Kure. Lebna Dengel alikufa mwaka 1540, akiwa mkimbizi katika nchi yake mwenyewe. Mwaka uliofuata, askari 400 wa Ureno waliwasili, na mwaka 1543 Imam Ahmad aliuawa vitani. Msaada aliouomba Eleni ulikuwa umefika, zaidi ya miaka 30 baada ya barua yake. Aliyeiandika na mfalme aliyemlea walikuwa wote kaburini.