Mwiba wa Mechnikov

Aliyekulia Dodoma anaujua mwiba wa mgunga. Ukibaki mguuni, kesho yake pamevimba. Mimi nilidhani uvimbe ndio ugonjwa wenyewe. Kumbe sivyo, na aliyetufumbua macho ni Ilya Mechnikov.

Alizaliwa mwaka 1845 karibu na Kharkiv, Ukraine ya leo. Mwaka 1873 mke wake alikufa kwa kifua kikuu, naye akajaribu kujiua kwa kasumba. Akapona. Mwaka 1882, huko Messina, Italia, alichomeka miiba ya waridi kwenye viluwiluwi wa kiti cha pweza, ambao miili yao inaonekana hadi ndani. Usiku hakulala. Asubuhi akakuta seli zimeuzunguka mwiba. Basi uvimbe ni mwili unajitetea.

Wengi walimpinga, lakini mwaka 1908 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Alifariki Paris mwaka 1916.

Leo seli zilezile zinasumbua wenye nyonga za bandia. Nyonga ikisagika hutoa chembe ndogo mno, nazo seli huzifuata. Chembe fupi ya mviringo humezwa kirahisi. Ile ndefu kama sindano haimezeki, seli inahangaika nayo na uvimbe hauishi. Kumbe hata umbo lina neno!

Kasumba ingemmaliza, asingeiona asubuhi ile ya Messina. Mwenzangu uliyekata tamaa semista hii, usiwe peke yako. Zungumza na mtu, asubuhi yako bado ipo.